Uzi: Ukitaka kusomea kemia ya angahewa ukiwa Lamu au Malindi, anza na upepo

Mwana wa Amu (mwanzisha uzi)

Assalaam aleikum, wanajukwaa wenzangu. Vijana kadhaa wa Lamu na Malindi waliohitimu shahada ya kwanza ya kemia, fizikia au sayansi ya mazingira wamekuwa wakiniuliza faraghani namna ya kuingia katika uzamili na uzamivu wa kemia ya angahewa, nami nimeona ni afadhali nijibu hadharani ili wenye ujuzi kunizidi wapate nafasi ya kunisahihisha. Karibu wote huanza kwa kuuliza ni chuo gani kitawapokea na ni kifaa gani wakinunue. Kwa maoni yangu yote mawili hayo huja baadaye. Linalotangulia ni swali la utafiti, na kwa mtu wa mwambao huu swali hilo huletwa na pepo zetu mbili, kusi na kaskazi.

Nifafanue kidogo. Hewa kavu ni nitrojeni asilimia 78, oksijeni asilimia 21 na agoni karibu asilimia moja, lakini fani hii haishughulishwi sana na gesi hizo. Inashughulika na ile sehemu ndogo mno inayobaki: ozoni, oksaidi za nitrojeni, salfa dioksaidi, kaboni monoksaidi, methani, mivuke inayotoka kwenye miti, na chembechembe zinazoelea hewani. Miongoni mwa hivyo imo radikali ya haidroksili, yaani kipande cha molekuli chenye oksijeni moja na haidrojeni moja kinachomenyuka upesi, ambayo haifikii hata sehemu moja katika trilioni na haiishi zaidi ya sekunde moja hivi, na hata hivyo ndiyo fagio la angahewa, kwa kuwa ndiyo inayoanza kuivunja methani pamoja na nyingi ya gesi nyingine chafu. Radikali hiyo huzaliwa pale mionzi ya urujuanimno ya jua inapoipasua ozoni, kisha atomu ya oksijeni iliyochomoka humo ikakutana na mvuke wa maji. Jua kali na mvuke mwingi vinapatikana wapi kwa pamoja kuliko huku kwetu karibu na ikweta? Ndiyo maana sehemu kubwa ya methani ya dunia huangamizwa katika ukanda wa tropiki. Kwa hiyo anayedhani kwamba kemia ya angahewa ni elimu ya miji yenye moshi tu, na kwamba Lamu isiyo na magari mengi haina cha kusomwa, amekosea tangu mwanzo.

Ni kweli kwamba fani yenyewe ilisukumwa mbele na misiba ya miji mikubwa. Ukungu wa moshi ulioifunika London tarehe 5 hadi 9 Desemba 1952 uliua maelfu ya watu, na katika miaka hiyohiyo Arie Haagen-Smit alionyesha kwamba ukungu wa Los Angeles ulitokana na mwanga wa jua kuchochea gesi zitokazo kwenye magari na viwanda vya mafuta. Habari ya tabaka la ozoni kila mwanafunzi ameikariri: makala ya Mario Molina na Sherwood Rowland mwaka 1974 kuhusu gesi za viwandani zinazoila ozoni hiyo, tundu la ozoni lililotangazwa na Joseph Farman na wenzake mwaka 1985, Mkataba wa Montreal mwaka 1987, na Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1995 ambayo Molina na Rowland waligawana na Paul Crutzen. Wengi husahau kwamba sekretarieti ya mkataba huo iko Nairobi, na kwamba marekebisho yake ya mwaka 2016 yalipitishwa Kigali. Si elimu ya ugenini tena hiyo.

Sasa nirudi kwenye upepo. Kusi inapovuma, kuanzia Aprili au Mei hadi karibu Septemba, hewa inayotufikia imekuja kutoka bahari ya kusini na imevuka maelfu ya kilomita za maji pasipo mji wala kiwanda. Kaskazi inapovuma, kuanzia Desemba hadi Machi, hewa hutoka upande wa Bara Hindi, Ghuba na Arabuni, ikapita pwani ya Somalia hadi kwetu. Kati ya Januari na Machi 1999 watafiti wa mradi wa INDOEX, wakiongozwa na Veerabhadran Ramanathan na Paul Crutzen, walipima hewa ya bahari hii wakiwa na kituo Maldivi, wakakuta utando wa moshi na salfeti umetanda juu ya sehemu kubwa ya kaskazini mwa Bahari ya Hindi na kushuka hadi kwenye ukanda ambako pepo za pande mbili za dunia hukutana. Upepo ulioutandaza utando ule ndio huohuo uliokuwa ukiyaleta majahazi ya tende Amu. Maana yake ni kwamba mtu aliyeketi mahali pamoja, na kifaa kimoja, hupelekewa hewa za aina mbili ndani ya mwaka mmoja bila ya kulipa nauli. Watafiti wa nchi nyingine hukodi ndege ili wapate nafasi ya namna hiyo.

Wala tusijione tunaanza jangwani. Kwenye Ghuba ya Ungwana, mbele ya Ngomeni, lipo jukwaa la San Marco ambalo Waitaliano walirushia vyombo vya angani kati ya mwaka 1967 na 1988. Wengi wanaikumbuka setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970, lakini San Marco 2, ya tarehe 26 Aprili 1967, ilikwenda kupima msongamano wa hewa ya juu kabisa. Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, Malindi ilikuwa mojawapo ya vituo vya mtandao wa SHADOZ, ulioanzishwa mwaka 1998, ambapo puto hubeba kifaa kidogo chenye myeyusho wa iodaidi ya potasiamu na kupima ozoni kutoka ardhini hadi kilomita 30 na zaidi. Nairobi nayo imo katika mtandao huo, na kwenye Mlima Kenya, mita 3,678 juu ya usawa wa bahari, kuna kituo cha kimataifa cha kupima hewa kilichoanzishwa mwaka 1999. Takwimu za SHADOZ ziko wazi kwa yeyote mwenye intaneti. Mwanafunzi wa Malindi anaweza kuandika tasnifu nzima ya uzamili juu ya ozoni iliyopimwa juu ya paa la nyumba yao pasipo kununua hata skrubu moja.

Unachohitaji kabla ya kuomba nafasi ni kasi za mmenyuko, fotokemia, hisabati ya milinganyo tofautishi, na uwezo wa kuandika programu kwa R au Python. Hilo la mwisho nalisisitiza, kwa sababu katika fani hii saa unazokaa na tarakimu huzidi saa unazokaa maabara. Karibuni tujadiliane.

Bint Malindi

Waaleikum salaam, kaka. Nimekusoma kwa makini na ninashukuru. Nimehitimu kemia na ninafundisha shule ya sekondari huku nikitafuta nafasi ya uzamili. Nia yangu ilikuwa kununua vihisi vya bei nafuu vya PM2.5 (chembe zisizozidi maikromita 2.5 kwa kipenyo), vile vinavyotumia mwanga wa leza, nivitundike sehemu mbalimbali za mji, kuanzia stendi ya matatu hadi ufukweni, halafu nilinganishe matokeo na kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Watu wa AirQo katika Chuo Kikuu cha Makerere wamejenga mtandao mkubwa kwa vihisi vya namna hiyo, nami sioni kwa nini Malindi isiwezekane. Je, huko ndiko kuanza na kifaa unakokukataza?

Mwana wa Amu

Dadangu, sikukatazi, ila nataka ujue kifaa hicho kinapima nini hasa. Kihisi cha leza hakipimi uzito wa chembe. Kinapima mwanga unaotawanywa na chembe zinapopita, kisha programu iliyomo ndani hukisia uzito kwa kudhani kwamba chembe zina umbo na msongamano fulani. Katika mji mkavu wa bara makisio hayo yanaweza kustahimilika. Malindi hewa imejaa chumvi ya bahari, na chumvi ya kawaida huyeyuka na kuwa tone la maji pindi unyevu wa hewa unapofika karibu asilimia 75, kiwango ambacho pwani yetu hukifikia usiku na alfajiri bila taabu. Tone hilo ni kubwa kuliko chembe kavu iliyolizaa, hutawanya mwanga zaidi, na kihisi chako kitaandika kwamba mji umechafuka ilhali kilichotokea ni umande. Ubaya wa pili ni kwamba sehemu kubwa ya uzito wa chumvi ya bahari imo katika chembe nene kuliko maikromita 2.5, na vihisi vingi vya bei nafuu havizitambui vyema chembe nene. Hivyo kifaa kimoja kinaweza kuzidisha na kupunguza kwa wakati mmoja, wala usijue ni lipi limezidi.

Dawa yake inajulikana, ingawa ina uchovu. Weka vihisi vyako vyote pamoja kwanza, kando ya kifaa cha rejea au pampu ya kichujio, kwa wiki kadhaa wakati wa kusi na wiki kadhaa wakati wa kaskazi, upate mlinganyo wa masahihisho unaohusisha unyevu na joto. Ukifanya msimu mmoja tu, masahihisho yako yatakuwa ya msimu huo. Kichujio hupimwa uzito kabla na baada, katika chumba chenye unyevu na joto vinavyodhibitiwa, na ndicho kinachobeba ushahidi. Kina faida nyingine ambayo kihisi hakina hata kidogo: baada ya kukipima unaweza kukiosha kwa maji safi na kujua ni ayoni gani (atomu au molekuli zenye chaji ya umeme, kama sodiamu na kloridi) zilizomo.

Kuhusu kiwango, kumbuka kwamba Shirika la Afya Duniani lilikaza kamba mwaka 2021: wastani wa mwaka wa PM2.5 ulioshauriwa ulishuka kutoka maikrogramu 10 hadi 5 kwa mita ya ujazo, na wa saa 24 kutoka 25 hadi 15. Mahali penye mawimbi yanayopasuka kwenye mwamba, chumvi peke yake inaweza kula sehemu ya hizo 5. Anayesema mji umevuka kiwango, bila kutenganisha chumvi na moshi, bado hajaeleza lolote la kumfaa mtunga sera.

Setilaiti nayo isikutie tamaa kupita kiasi. Chombo cha TROPOMI kilichopanda angani Oktoba 2017 kinaona nitrojeni dioksaidi kwa vipande vya takriban kilomita 5.5 kwa 3.5, na kipande kimoja cha ukubwa huo kinaweza kuchanganya mji wa Lamu, mkondo na mikoko ya ng'ambo. Ukichukua wastani wa miezi utapata kitu, si wa siku. Vipimo vya setilaiti vya chembechembe vina shida yao hapo kwenu: mto Sabaki ukifurika, maji ya ghuba huwa mekundu kwa udongo, na hesabu zinazodhani kwamba bahari ni nyeusi huyumba au hukataa kutoa jibu.

Bwana Afya Mstaafu

Wanangu, nimesoma yote haya na nimefurahi kuona vijana wetu wakizungumza elimu kwa lugha yetu. Lakini nina neno. Nimefanya kazi ya afya ya umma katika visiwa hivi kwa muda mrefu, na waliokuwa wakija kliniki wakikohoa hawakuletwa na utando kutoka Bara Hindi. Waliletwa na meko ya kuni na jiko la makaa katika chumba kisicho na dirisha, pamoja na moshi wa jaa la taka unaofuka usiku kucha wakati upepo wa bara unaposhuka kuelekea baharini. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Je, mtu akipewa fedha za umma kwa ajili ya utafiti, ni haki azitumie kuchunguza hewa ya Maldivi huku mama yake akipepea makaa?

Na jingine: mmesahau punda. Mji wa Lamu una punda wengi, na harufu yake vichochoroni ni kemia pia.

Mwana wa Amu

Shikamoo, mzee wangu. Hoja yako ina uzito na sitaki kuizungukia. Afya ya mtu huamuliwa na kile anachokivuta, wala haiamuliwi na wastani wa hewa ya nje, na mpishi aliye karibu na moto huvuta zaidi ya yeyote. Mtu akitaka kufanya tasnifu juu ya hilo namuunga mkono, ila ajue ni utafiti wa namna nyingine: utahitaji idhini ya kamati ya maadili kwa kuwa unahusu watu, vipimo vidogo vya kuvaliwa na wapishi mchana kutwa, na uangalifu wa kaboni monoksaidi, kwa maana makaa hutoa moshi mdogo unaoonekana lakini gesi hiyo hutoka nyingi. Ningependa pia kuona mtu akilinganisha meko ya nyumba za mawe za mji wa kale, yaliyowekwa orofa ya juu ili moshi upande na kutoka, na vyumba vya kupanga vya siku hizi ambavyo jiko liko mlangoni. Waliojenga kale walielewa mzunguko wa hewa kuliko baadhi ya wachoraji ramani wa leo.

Ninachokataa ni kuzitenga hewa hizo mbili kana kwamba hazikutani. Hewa ya nje ndiyo msingi ambao moshi wa jiko hujengwa juu yake. Bila kuujua msingi huwezi kusema jaa la taka limeongeza kiasi gani, wala bandari, wala kiwanda. Mnakumbuka mradi wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliokusudiwa kujengwa Kwasasi. Tarehe 26 Juni 2019 mahakama maalumu ya mazingira ilifuta leseni yake, ikitaja kasoro za ushirikishwaji wa wananchi na za tathmini ya athari. Mbali na sheria, lipo swali la kitaaluma ambalo kila mradi wa namna hiyo huliibua: salfa dioksaidi na chembe kiasi gani zilikuwepo Lamu kabla ya mradi, wakati wa kusi na wakati wa kaskazi? Vipimo vya wiki moja haviwezi kulijibu. Gati ya kwanza ya bandari ya Lamu ilianza kazi Mei 2021, mwaka mmoja na kitu tangu kanuni za kimataifa ziteremshe salfa katika mafuta ya meli kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5, kuanzia tarehe 1 Januari 2020. Kila gati inapoongezwa bila vipimo, nafasi ya kuujua msingi ule inapungua.

Kuhusu punda sikubishii kamwe. Mkojo wao huvunjika na kutoa amonia, na amonia ikikutana na asidi ya salfa au ya nitriki hewani huzaa chembechembe za amoniamu. Mji wenye amonia nyingi na magari machache ni nadra duniani, na hewa yenye asidi ikija na kaskazi itaikuta amonia hiyo inaingoja. Mwenye kulitaka swali hilo alichukue. Natumaini hataogopa kuchekwa na wasimamizi wake.

Mhamiaji wa Mainz

Ndugu zangu, salamu kutoka Ujerumani. Mimi ni mtu wa Malindi, niko mwishoni mwa uzamivu katika mji ambao Crutzen aliongoza idara ya kemia ya angahewa ya Taasisi ya Max Planck kuanzia mwaka 1980 hadi 2000. Niongeze machache juu ya njia, kwa kuwa mwanzisha uzi ameliruka jambo hilo makusudi.

Barua ya kuomba msimamizi isiwe ya kusifu chuo. Soma makala mbili za huyo unayemwandikia, kisha mweleze katika ukurasa mmoja swali lako, mahali pako, na takwimu ulizonazo au unazoweza kuzipata. Maprofesa wengi wana modeli na vifaa, lakini hawana mtu mwenye paa ufukweni mwa Kenya, mwenye kuijua lugha na mwenye kuweza kubadilisha kichujio kila asubuhi. Hiyo ndiyo mali yako. Hapa Ujerumani uzamivu kwa kawaida hudai uwe na uzamili kwanza, na mara nyingi mtafiti huajiriwa kwa mkataba, kwa hiyo nafasi hutangazwa kama kazi. Anayeona hesabu zake hazijakomaa aangalie kituo cha ICTP kule Trieste, kilichoanzishwa na Abdus Salam mwaka 1964, ambacho kina stashahada ya fizikia ya mfumo wa dunia kwa wahitimu wa nchi zinazoendelea. Afrika Kusini, Chuo Kikuu cha North-West kilichoko Potchefstroom kina kundi imara la kemia ya angahewa na kituo cha vipimo cha Welgegund. Ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani la ubadilishanaji wa kitaaluma, na wa Jumuiya ya Madola mnaufahamu.

Kwa walio nyumbani, kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi ya Kenya, kiombwe mapema, na makubaliano ya kupeleka sampuli nje yaandikwe kabla ya kichujio cha kwanza kuwekwa. Yaandikwe pia nani atakuwa mwandishi wa kwanza wa makala. Nimeona vijana wenzetu wakikusanya sampuli kwa jasho, kisha majina yao yakaishia kwenye shukrani.

Jambo la mwisho ni la kukubaliana na kaka wa Amu. Mimi nilikuja huku nikajifunza modeli, nikawa hodari wa kuigiza angahewa ya dunia nzima ndani ya kompyuta, na kila nilipotazama mwambao wa Afrika Mashariki nilikuta modeli haina cha kujipimia. Kilichokosekana hapo ni vichujio na saa za uangalizi, ambavyo kompyuta kubwa zaidi haiwezi kuvizalisha.

Bint Malindi

Nashukuru nyote, na shikamoo Mzee. Nimetafakari na nimebadili wazo. Badala ya vihisi vingi ninapendekeza pampu moja ya vichujio juu ya paa, karibu na ufukwe, kwa mwaka mzima. Vichujio nitaviosha na kupima ayoni kwa kromatografia, njia ya kuzitenganisha moja moja, katika chuo chochote kitakachonipokea. Katika maji ya bahari uwiano wa kloridi kwa sodiamu kwa uzito ni karibu 1.8. Asidi ya nitriki au ya salfa ikiivamia chembe ya chumvi, klorini hutoka kama haidrojeni kloridi na uwiano hushuka. Dhana yangu ni kwamba wakati wa kusi uwiano utakaa karibu na 1.8, na wakati wa kaskazi utashuka, na kwamba salfeti isiyotoka baharini, nikiondoa sehemu 0.25 ya sodiamu kama ilivyo katika maji ya bahari, itapanda. Hivyo chumvi ambayo kaka aliniambia ni adui wa kihisi itakuwa yenyewe ndiyo kipimo cha uchafu uliosafiri. Je, swali hili linatosha kwa uzamili?

Mwana wa Amu

Linatosha, dadangu, na linazidi mengi niliyoyaona yakifadhiliwa. Lakini mtahini mkali atakupiga mahali pawili, kwa hiyo jikinge mapema.

Pa kwanza ni kwamba mambo mengine nayo hubadilika pamoja na upepo. Kaskazi ndiyo msimu wa watalii, jenereta na pikipiki zikiwa nyingi Malindi, na ndiyo miezi ambayo mashamba ya bara husafishwa kwa moto kabla ya mvua za masika. Ukiona asidi imepanda Februari, utajuaje kama imetoka Gujarati au Magarini? Pima potasiamu isiyotoka baharini, ambayo huashiria moshi wa kuni na majani. Endesha pia hesabu za njia ya nyuma ya hewa, yaani za kufuatilia ilikotoka, kwa programu ya HYSPLIT kwa kila kichujio, usizifanye kwa wastani wa msimu. Tenganisha vichujio vya mchana na vya usiku, kwa sababu usiku upepo wa bara hukuletea mji na mchana upepo wa bahari hukuletea bahari. Siku za maleleji usizitupe. Upepo ukiwa haujaamua upande ndipo mchango wa mji wenyewe huonekana wazi.

Pa pili pananitia wasiwasi zaidi. Kaskazini mwa Malindi, Gongoni na Marereni, kuna mashamba ya chumvi, na kaskazi huvuma kutoka upande huohuo. Vumbi la chumvi iliyovunwa litaingia katika kichujio chako likiwa na sodiamu na kloridi, na uwiano wake kwa uzito ni karibu 1.5, kwa kuwa ni chumvi tupu ya kloridi ya sodiamu. Utaona uwiano umeshuka, utashangilia, kumbe hakuna asidi yoyote iliyohusika. Namna ya kulitambua ni magnesiamu. Katika maji ya bahari magnesiamu ni karibu 0.12 ya uzito wa sodiamu, lakini chumvi inapoganda kwenye vidimbwi sehemu kubwa ya magnesiamu hubaki katika maji machungu yanayomwagwa. Kichujio kikiwa na kloridi iliyopungua na magnesiamu iliyo kamili, hapo una haki ya kuzungumzia asidi. Vikipungua vyote viwili, umepima Gongoni. Basi magnesiamu iandike katika pendekezo lako tangu ukurasa wa kwanza, na ukiweza tafuta paa la pili upande wa Lamu, ambako kaskazi hufika kabla ya kupita kwenye mashamba hayo. La kwangu mimi liko tayari.